Nilimjibu haraka mno

Picha iliingia saa mbili kasoro usiku, nikiwa nasahihisha mitihani ya kemia ya kidato cha tatu. Chupa ya seramu ya uso, kioo cheusi, mililita 30, kifuniko chenye mpira wa kuvutia matone kama dawa ya macho. Chini yake kitambaa cha meza cha kufuma ninachokijua tangu utoto. Mama mdogo alikuwa ameandika maneno mawili tu.

"Haina madhara?"

Nikaikuza picha kwa vidole nikasoma nyuma ya chupa. Maji, gliserini, vitu viwili vitatu vya kulainisha, kihifadhi, na karibu na mwisho kabisa, peptidi. Nikaandika, "Haina mama mdogo, paka tu." Nikarudi kwenye mitihani.

Tiki mbili za buluu. Kidole gumba.

Sekunde 40, pengine pungufu. Ni wiki ya 6 sasa na sekunde hizo bado zinanirudia, nikiwa napiga mswaki au nimebanwa kwenye daladala ya kwenda Tabata. Jibu lenyewe halikuwa uongo, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

## Kopo la Blue Band

Mama mdogo ana miaka 61, mwalimu mstaafu, anaishi Ngamiani, Tanga. Mimi nilikulia kwake miaka kadhaa, na miaka hiyo kulikuwa na kopo la Blue Band chini ya kitanda chake ambalo halikuwa na siagi. Ndani yake alikuwa akikorogea mkorogo. Tyubu hii anaikamua yote, ile nusu, anamenyea sabuni kwa kisu, anakoroga kwa kijiko cha chai mpaka inakuwa kama uji mzito wenye harufu ya dawa na waridi.

Wa kutumwa dukani kununua hizo tyubu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka 9, na nilijua majina yake kabla sijajua majedwali ya kuzidisha.

Wasomaji wangu mnajua hadithi hii inavyokwenda, kila ukoo una wake. Nitasema tu ilivyoishia kwetu. Alipoacha, uso ulimuumuka vipele, ukawasha, na kwa wiki kadhaa hakutoka nje bila kujifunika mtandio mpaka machoni. Vipele viliisha. Mabaka meusi chini ya macho hayakuisha, na ngozi ya mashavuni imebaki nyembamba kiasi kwamba ukikaa naye karibu na dirisha unaona mishipa. Steroidi, dawa kali za ngozi zilizokuwa kwenye zile tyubu, ndivyo zinavyofanya zikipakwa miaka na miaka. Hidrokwinoni nayo, ambayo watu huipaka ili watakate, ikizidi inaweza kuacha weusi mgumu wa rangi ya bluu-kijivu ambao hautoki.

Huyo ndiye aliyeniuliza kama haina madhara.

Nami nikamjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi wa chuo anayetaka kung'ara kwenye picha za mahafali.

## Shanga

Niliamua kusoma upya, safari hii kwa ajili yake. Nitaeleza kama ninavyoeleza darasani, maana nikitumia lugha ya vipeperushi vya kampuni nalala mwenyewe.

Chukua uzi wa shanga. Kila shanga ni asidi amino. Uzi mrefu wenye mamia ya shanga, uliojikunja na kujisokota, ni protini. Uzi mfupi wa shanga 3, 5, au 10 ni peptidi. Kolajeni, ile inayoipa ngozi uimara, ni nyuzi tatu ndefu zilizosukwa pamoja kama kamba ya katani. Ni nzito mno, karibu daltoni 300,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uholanzi walitoa kanuni ambayo imeshika mpaka leo: kitu kinachozidi daltoni 500 hivi hupenya kwa shida kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa hiyo krimu iliyoandikwa "kolajeni" unaipaka juu ya ukuta. Inalainisha, inateleza vizuri, basi.

Peptidi ina hila nyingine.

Kolajeni ya ngozini ikikatika, vipande vyake huzagaa. Chembe hai zinazotengeneza kolajeni zikikutana na vipande hivyo huvisoma kama habari: ukuta umebomoka, leteni matofali. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Memphis, Marekani, lilichapisha kwamba kipande kimoja chenye shanga 5 tu, kilichotokana na malighafi ya kolajeni yenyewe, kinatosha kuziamsha chembe hizo maabara. Kampuni ya Kifaransa, Sederma, ikakibandika mkia wa mafuta ili kipenye vizuri zaidi na kuanza kukiuza kwa jina la Matrixyl. Kwenye chupa utakiona kimeandikwa palmitoyl pentapeptide-4.

Yaani unaipelekea ngozi yako uzushi. Hakuna kilichobomoka, lakini habari imefika, na mafundi wanaanza kazi.

Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu jikoni. Mimi ni mtu wa pwani, najua uzushi unavyoweza kujenga nyumba na kuivunja.

Na shanga zenyewe zinatungwa na mtu, ndiyo maana zinaitwa sintetiki. Zamani kutunga peptidi moja ilikuwa kazi ya miezi. Mwaka 1963 Robert Bruce Merrifield wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alipata wazo ambalo fundi yeyote wa shanga angelielewa: funga shanga ya kwanza kwenye punje ya plastiki isiyoyeyuka, kisha ongeza moja moja, ukiosha uchafu kila hatua, mwisho ukate uzi. Alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1984. Bila yeye, chupa ya mama mdogo isingekuwepo, au ingeuzwa kwa bei ya kiwanja.

Neno "sintetiki" linawatisha watu bure, naona. Shanga ya maabara na shanga ya mwili ni shanga ile ile. Cha kuuliza ni kama aliyetunga hakuruka moja, na kama aliosha vizuri. Kumbukeni hili la kuosha, nitalirudia.

## Punje moja na nusu

Utafiti unaotajwa sana juu ya peptidi hii ya shanga 5 ulichapishwa mwaka 2005. Wanawake 93, umri wa miaka 35 hadi 55, wiki 12. Nusu ya uso walipaka losheni yenye peptidi, nusu nyingine losheni ile ile isiyo nayo. Kiwango cha peptidi kilikuwa sehemu 3 kwa milioni.

Sehemu 3 kwa milioni!

Nikachukua chaki. Chupa ya mililita 30 ina takriban gramu 30 za seramu. Zidisha kwa 3, gawa kwa milioni. Unapata miligramu 0.09. Kiasi hicho nilishindwa kukiona akilini, nikafanya jambo ambalo mwalimu mwenzangu wa fizikia bado ananicheka nalo. Nilihesabu punje 500 za chumvi laini ya mezani kwa ncha ya sindano ya kushonea, nikazimimina kwenye mizani ya maabara ya shule. Ikasoma gramu 0.03. Punje moja ni miligramu 0.06.

Chupa nzima, kwa kiwango cha utafiti ule, ina peptidi yenye uzito wa punje moja na nusu ya chumvi.

Mama mdogo alilipa shilingi 95,000.

Nilikuwa tayari kuandika makala ya kejeli hapo hapo, na kichwa cha habari nilishakipata. Kisha nikakumbuka insulini. Nayo ni peptidi, shanga 51, na kwenye damu hupimwa kwa sehemu za bilioni, lakini ikikosekana mtu anakufa. Habari haipimwi kwa uzito wa karatasi iliyoandikiwa. Kejeli ikafutika.

Tena matokeo yalikuwepo. Upande wenye peptidi, mistari midogo na makunyanzi yalipungua kuliko upande wa pili, kwa vipimo vya picha na kwa macho ya wataalamu wasiojua upi ni upi, na ngozi za washiriki ziliivumilia vizuri. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilikuwa tofauti. Utafiti ulitoka ndani ya kampuni ya Procter & Gamble, ambao wanauza krimu za aina hiyo. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo. Linanifanya nisome polepole.

Peptidi nyingine inayoitwa "botoksi ya kupaka" (botoksi ni ile sindano ya makunyanzi), asetili heksapeptidi-8, sitaizungumzia sana. Inaiga kipande cha protini ambayo botoksi huikata ili msuli usijikunje. Utafiti maarufu wa mwaka 2002 kutoka Hispania uliripoti kina cha mikunjo kupungua hadi asilimia 30 ndani ya siku 30. Walioipaka walikuwa wanawake 10. Na chupa ikikuambia "asilimia 10", uliza asilimia 10 ya nini, maana inaweza kuwa asilimia 10 ya kimiminika cha kiwandani ambacho chenyewe kina peptidi asilimia 0.05 tu. Darasani kwangu ungekosa alama.

## Hakuna shavu linalofanana na lake

Usiku mmoja nilirudi kwenye utafiti wa wale 93 kutafuta kitu kingine kabisa, na jicho likanasa kwenye neno nililolipita mara mbili. Wote 93 walikuwa wazungu.

Silalamiki. Walitafuta watu wenye tatizo walilotaka kulipima, na makunyanzi ya jua huwahi kwenye ngozi nyeupe. Kipimo cha mwaka 1979 huko Marekani kilionyesha ngozi ya juu ya mtu mweusi inazuia miale inayounguza sawa na losheni ya jua yenye namba ya kinga 13.4, ya mzungu 3.4. Kwa hiyo sisi tunachelewa kukunjamana. Uzee wetu huanza kuonekana kwenye rangi: mabaka, uso usio sawa, weusi chini ya macho. Halafu mashavu hushuka.

Lakini mama mdogo ana mabaka, na ana ngozi iliyokonda kwa steroidi. Kanuni ya daltoni 500 inahusu ngozi nzima. Wale 93 walikuwa na ngozi nzima. Jopo la Marekani linaloitwa Cosmetic Ingredient Review, ambalo hupitia viambato vya vipodozi, lilipitia peptidi ya shanga 3 iitwayo tripeptidi-1 pamoja na ndugu zake, likaona ni salama kwa viwango na matumizi ya vipodozi vya sasa. Naliamini. Ila "matumizi ya vipodozi" ni mtu wa kawaida anayepaka uso wa kawaida.

Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi bila kusogea. Jibu langu la sekunde 40 lilikuwa sahihi kwa chupa. Mwenye chupa sikumwangalia.

Kuna jambo lingine la aibu kidogo. Kwetu sisi tuliokulia na kopo la Blue Band, kipimo cha madhara ni mkorogo. Kitu kisipounguza, kisipobabua, kisipogeuza vifundo vya vidole kuwa vyeusi kama kiwi, tunasema hakina madhara. Kwa kipimo hicho hata shilingi 95,000 za punje moja na nusu ni neema. Nimewahi kuandika hapa hapa kwenye blogu, "afadhali peptidi kuliko zebaki." Ni kweli. Ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hajaua.

## Picha ya pili

Wiki ya tatu, Jumatano, iliingia picha nyingine. Kitambaa kile kile cha meza.

Safari hii kilikuwa kichupa kidogo kama cha chanjo, kofia ya alumini, ndani yake unga wa buluu umeshikana chini kama ukoga. Pembeni kichupa cha maji na mabomba mawili ya sindano kwenye karatasi zake. Lebo ilikuwa na herufi tatu, G, H, K, na namba. Chini kwa maandishi ya sisimizi, kwa Kiingereza: kwa matumizi ya utafiti tu, si kwa binadamu.

"Na hii?"

Sikuandika chochote. Nilipiga simu mwanafunzi akiwa katikati ya swali.

"Mama mdogo, usijidunge."

"Sijajidunga."

"Nakuja Jumamosi."

"Njoo na sukari," akasema, akakata.

GHK naijua. Loren Pickart aliipata mwaka 1973 kwenye damu ya binadamu, shanga 3 tu, na inapenda kushika shaba, ndiyo maana unga ni wa buluu kama mrututu. Kwenye seramu ni kitu cha kawaida kabisa, na ndiyo ile ile tripeptidi-1 ambayo jopo liliipitisha. Molekuli moja. Mlango ndio tofauti.

Ngozi ni mlinzi mkali. Peptidi ya kupaka ikiwa na uchafu kidogo, uchafu mwingi unabaki nje, na asubuhi unanawa. Sindano inampita mlinzi. Kila kilichobaki bila kuoshwa wakati wa kutunga kinaingia: viyeyusho, minyororo iliyokosewa shanga, na sumu za bakteria ambazo hata maji ya moto hayaziui kirahisi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiweka GHK-Cu, yaani GHK iliyoshika shaba, ya kudungwa kwenye kundi la vitu vyenye wasiwasi wa usalama kwa dawa zinazochanganywa na wafamasia, kwa hofu kwamba uchafu na kugandamana kwa peptidi kunaweza kuamsha kinga ya mwili vibaya. Na hao ni wafamasia wenye leseni na vyumba visafi, wala si meza ya sebuleni Ngamiani.

Hata ofisi hubadilika. Vipodozi tangu Julai 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kitu cha kudunga ni dawa, hiyo ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kichupa kile hakikuwa kimepita kwa yeyote kati yao, kilipita kwenye begi la mtu.

## Jumamosi

Nilishuka Tanga saa saba mchana na sukari kilo mbili na machungwa ya Muheza, nimechoka kama niliyetembea kwa miguu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umemfuata nani, mimi au kichupa?"

Kilikuwa kwenye friji, mlangoni, kati ya mayai na achari ya ndimu. Alikitoa kwa vidole viwili akaniwekea mezani. Akanisikilizisha sauti ya binti wa saluni aliyemuuzia, binti mwenye adabu kweli, anaanza na shikamoo: ile ya kupaka ni ya kuanzia tu, mama, yenyewe hasa ni hii, unachanganya na maji taratibu, usitikise, unajidunga tumboni kabla ya kulala. Shilingi 180,000, na mabomba ya bure.

Sikumchukia yule binti. Alikuwa anaeleza kama alivyoelezwa. Ila nilishtuka kusikia neno langu mwenyewe katikati ya maelezo yake: "Haina madhara, mama."

"Mbona hukujidunga?" nikamuuliza.

Alimenya chungwa kwanza. Alilimenya lote bila kukata ganda, kama alivyotufundisha.

"La kwanza nilikuuliza, ukanijibu kabla sijaweka simu chini. Nikasema huyu hajasoma. La pili nikasema ngoja nimtazame."

Nilinyamaza. Kuku walikuwa wanapekua nje ya mlango wa uani.

"Mimi si mtoto, mwanangu. Sitaki kuwa na uso wako. Lakini hedhi ilipokoma, uso ulishuka kama mtu kavuta shuka. Mwaka mmoja, miwili. Najitazama kwenye kioo namwona bibi yako."

Hilo la shuka nililichukulia kama maneno ya mwalimu wa Kiswahili. Usiku nikiwa nimelala chumba changu cha zamani nilikumbuka takwimu niliyoisoma na kuipita: katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Kabla ya hapo ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Alikuwa anasoma grafu kwenye kioo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba grafu ipo.

## Habari ya jua

Asubuhi yake tulikaa barazani. Nilimweleza yote, shanga, uzushi, punje za chumvi. Punje zilimfurahisha kuliko uso wenyewe, akataka kujua kama niliwalipa wanafunzi kunihesabia.

Kisha nikamwambia kitu ambacho sikupenda kukisema, kwa sababu hakina chupa nzuri. Ushahidi mzito zaidi ninaoujua kuhusu uzee wa ngozi ni wa losheni ya kukinga jua. Katika mji wa Nambour, Queensland, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, kuanzia 1992 hadi 1996. Waliopangiwa kupaka kila siku, ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu ya wale walioachwa wapake wakipenda. Hao nao karibu wote ni wazungu, najua, nimeshajifunza kuangalia. Lakini mabaka kama ya mama mdogo yanachochewa na jua, na ngozi zetu huzidi kuweka weusi hata kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Ndiyo maana madaktari wa ngozi wanapendelea losheni ya jua yenye rangi, yenye oksidi za chuma, kwa watu wenye mabaka.

"Hiyo si ya albino?" akauliza.

Hakukosea kuuliza. Kwetu losheni ya jua imefika kwa mlango huo. Mjini Moshi wanatengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kwao ni suala la saratani, la uhai, si la urembo. Sisi wengine tukabaki tunaamini jua si habari yetu. Mama mdogo alifundisha miaka 34 na kila asubuhi alisimama kwenye paredi uso umeelekea mashariki.

Nilimshauri amwone daktari wa ngozi kwa ajili ya mabaka, na kwamba dawa kama tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, zipo, zina ushahidi wa miaka mingi kuliko peptidi, ila kwa ngozi yake iliyokonda asiguse bila daktari. Akasema ataenda. Alisema hivyo pia mwaka 2011.

Seramu nilimruhusu aendelee nayo, kama ruhusa yangu ina thamani yoyote. Tuliijaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili. Anaipaka usiku akishamaliza kuswali Isha, matone matatu, anasema inalainisha na inamfanya akae na uso wake dakika tano bila kuukasirikia. Chupa haikai tena dirishani, joto la Tanga si la kuchezea.

Kichupa cha buluu nimekuja nacho Dar. Kiko kwenye droo yangu shuleni pamoja na chaki za rangi. Binti wa saluni alikataa kurudisha pesa.

## Upande wa kushoto

Mimi pia nina chupa. Sikuwa nimepanga kulisema hili, lakini itakuwa unafiki. Nina miaka 41 na ninayo tangu Januari.

Baada ya Tanga nilianza kupaka upande wa kushoto tu wa uso, na kulia napaka gliserini ya dukani niliyoichanganya na maji, ili nione ni peptidi au ni unyevu tu. Niko wiki ya 3, wale 93 walikwenda 12. Jana nilimsimamisha mume wangu mbele ya dirisha nikamwuliza upi umependeza zaidi.

Akakunja uso, akainama, akatazama kama anakagua gari la mtumba.

"Wa kulia," akasema, kwa uhakika kabisa.

Mama mdogo ametuma picha nyingine Jumanne. Amesimama uani, kofia ya pama ya marehemu mumewe kichwani, ameshika chupa juu mwangani ili nione kilichobaki. Ni robo.

"Ninunue nyingine?"

Tiki ni za buluu tangu siku hiyo. Bado sijamjibu, na anajua kwa nini.